Matundu Manne ya Fundi Melkizedeki

Melkizedeki wa Mungaa hakuwahi kuamini spoku ya baiskeli ambayo hajaisikiliza. Aliichomoa kwenye furushi, akaining'iniza kwa vidole viwili, akaipiga kwa ukucha wa kidole gumba na kuinamisha sikio. Nzuri ililia. Mbaya ilinong'ona. Zilizonong'ona alizirudisha dukani zilikotoka bila kusema neno, na muuzaji aliyezipokea alijua kwamba kabla ya jua kuzama wapanda baiskeli wote wa Singida mjini watakuwa na habari.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Zamani spoku zilipatikana kwa kibali, na mtu aliyezunguka ofisi tatu kutafuta sahihi ya spoku kumi na mbili hakubaki na nguvu za kuzisikiliza. Tena zilikuwa za aina moja. Kama ni mbovu, zilikuwa mbovu kwa nchi nzima, na jambo hilo lilikuwa na faraja yake. Halafu ikaja ruksa. Malori yakaanza kushusha maboksi, na ndani ya boksi moja fundi akakuta spoku za aina tano, zote zimefungwa kwenye karatasi yenye picha ya simba yuleyule. Serikali ilijitoa kwenye biashara, shaka ikaingia, na kwa kuwa hakuna idara iliyoundwa kuishughulikia shaka, Melkizedeki aliishughulikia mwenyewe.

Alifanyia kazi kwenye baraza ya duka la Mzee Abdulhamidi, karibu na soko. Mkataba haukuwepo. Mwaka 1981 mzee alimwambia, "Kaa hapa, uniangalizie mlango," naye akakaa miaka ishirini na miwili. Sharti lilikuwa moja, kwamba baiskeli ya mzee, ile nyeusi ndefu yenye keria pana, isipambazukiwe na ubovu. Mzee alipofariki, mwanawe Mselemu alirithi duka, mizani, baiskeli nyeusi, na Melkizedeki akiwa juu ya baraza.

Mselemu aliziba pancha yake ya kwanza kwa zana za sanduku la fundi huyo. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita, simu kiunoni, na alishafika China mara moja, safari ambayo watu wa barazani waliijua kwa moyo pamoja na chakula alichokataa kula. Hata hivyo kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli, alisema, "Shikamoo fundi," na Melkizedeki akajibu, "Marahaba, umeamkaje," bila kuinua macho kwenye tairi.

China hiyo ndiko lilikotoka gurudumu la umeme.

Lilikuja ndani ya boksi lililojaa chenga za karatasi. Katikati, mahali pa kitovu chembamba tulichokizoea, palikuwa na dude la chuma nene kama sufuria ya kupikia wageni, na waya mweusi ukitokea ubavuni. Dude hilo lilishikwa na spoku fupi nene ndani ya ringi dogo. Kulikuwa na betri tatu ambazo kwa pamoja zilikuwa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, na karatasi ya maelezo kwa Kichina na kwa Kiingereza ambacho nacho, ukikisoma vizuri, kilikuwa Kichina. Mselemu alikuwa na mpango. Angeagiza mia. Wachuuzi wa vitunguu wa Issuna na wauza kuku wa Kinyangiri wangepanda vilima bila kutoa jasho. Kwanza, lakini, ilibidi aonekane yeye mwenyewe.

"Fundi," alisema, "dude hili litoe kwenye hicho kiringi, ulifunge kwenye ringi la nyuma la baiskeli ya marehemu."

"Limekuja na ringi lake."

"La kitoto. Nipite sokoni na kanzu yangu, magoti yanagonga kidevu?"

Melkizedeki aliinama akahesabu. Akahesabu tena. "Tumbo la dude hili lina matundu thelathini na sita. Ringi la nyuma la marehemu lina arobaini, la mbele thelathini na mbili. Hesabu haikubali."

"Hesabu ikikataa, fundi, ujue hujakaa nayo vizuri."

Baiskeli zote ndefu nyeusi zilizopita mikononi mwake zilikuwa na arobaini nyuma na thelathini na mbili mbele. Alizijua namba hizo mbili kama mtu anavyowajua baba na mama yake. Thelathini na sita ilikuwa namba ya watu wengine. Alisema, "Basi yatabaki matundu manne matupu," na wakati huohuo simu ya Mselemu ikalia. Mselemu akaongea na mtu wa Dar es Salaam, akacheka, akainua dole gumba. Fundi alilichukua dole lile kuwa jibu lake. Lilikuwa la Dar es Salaam.

Kazi ilimchukua siku mbili. Alikata spoku ndefu ziwe fupi, akazichonga upya uzi wa kukazia, akazipitisha kama alivyofundishwa na mwalimu wake kule Manyoni, kwamba kila spoku ivuke wenzake watatu kabla ya kufika kwenye ringi. Matundu mawili aliyaacha karibu na kipentili cha kujazia upepo, na mawili mengine upande wa pili, yakitazamana na hayo.

Hapo ndipo alipokosea kwa namna ambayo ni fundi mwenye sifa tu anaweza kukosea. Gurudumu lenye matundu wazi halikuwahi kutoka kwenye baraza ile. Lingeonekana kama kinywa cha mtu aliyepigwa. Kwa hiyo alichukua vile vinati vidogo vinavyoishikilia spoku kwenye ringi, vinne, akavipachika kwenye matundu matupu, bila spoku, kwa gundi ya kuzibia pancha. Ukilitazama ringi, vinati arobaini vilikaa kwenye mstari kama waumini. Hakuona kuwa amedanganya mtu. Aliona kuwa amemaliza kazi.

Jumatatu Mselemu alipita sokoni bila kukanyaga pedeli. Kanzu ilipepea. Bonaventura, mchuuzi wa vitunguu kutoka Issuna, mteja wa siku nyingi pale barazani, alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa barabara.

"Bosi," alimwita aliporudi, "miguu mbona imekaa tu? Unaumwa?"

"Umeme huo, Bona. Na wewe utanunua."

"Mimi vitunguu vyangu vimezoea mtu anayehema. Wakiniona sihemi watasema nimeviiba."

Siku tisa baadaye, kwenye kona ya kituo cha mabasi, gurudumu lilitoa mlio mfupi, tii, kama kijiko kilichoanguka kwenye sakafu ya nyumba ya jirani. Spoku moja ilikuwa imekatika. Melkizedeki akaweka nyingine. Wiki iliyofuata zikakatika mbili. Halafu moja, halafu tatu, halafu mbili tena. Fundi alibadilisha, akakaza, akanyoosha, na kila mara akapiga kila spoku kwa ukucha, zote zikalia vizuri. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Kitu kibovu kinachotoa sauti nzuri kilimaanisha kuna mtu nyuma yake.

Alimpata bila shida. Wiki moja kabla, alimwona Mselemu akiipima baraza kwa utepe wa fundi cherehani, kutoka nguzo hadi nguzo, na kuandika kwenye kiganja. Mjini palikuwa pamejaa vibanda vya vocha za simu. Baraza ilikuwa na upana wa kutosha vibanda viwili, kama angetolewa mtu mmoja na sanduku lake. Melkizedeki aliona yote: kijana analeta gurudumu lisilofungika, analivunja mwenyewe kwa koleo nyuma ya duka, kisha anasema fundi amezeeka.

Mselemu naye alikuwa akipiga hesabu zake ndani ya duka. Magurudumu mia ya umeme yakiingia Singida, nani ataumia? Mtu anayeishi kwa kutengeneza ya zamani. Nani hulishika gurudumu kila wiki, peke yake, akiwa na koleo mkononi? Jibu lilikuwa limekaa mlangoni pake, likifuta mikono kwa kitambaa.

Kwa hiyo walianza kuchunguzana kwa adabu. "Shikamoo fundi" ikapungua ikawa "Habari za asubuhi, fundi." Wiki moja baadaye ikawa "Fundi" tu, kama jina la bidhaa. Melkizedeki alijibu kila moja kwa kipimo chake. Watu wa barazani waliona. Kwetu, mtu akiacha kukuamkia, huulizi kama kuna kesi. Unauliza itasikilizwa lini.

Siku ya Jumanne Mselemu alichukua chupa ya rangi ya kucha ya mkewe, Hanifa, akalilaza gurudumu sakafuni ndani ya duka, akatia nukta nyekundu kwenye kila spoku na kila kinati, ili chochote kitakachobadilishwa kijulikane. Alipomaliza alihesabu. Vinati arobaini. Spoku thelathini na sita. Akahesabu tena kwa kugusa kimoja kimoja, kama anavyopokea mzigo. Vinati vinne vilikuwa vimekaa pale na nukta zao nyekundu, havikushika kitu.

Asubuhi ya Jumatano alitoka nalo barazani.

"Fundi. Spoku nne ziko wapi?"

"Zipi?"

"Hapa kuna vinati arobaini na spoku thelathini na sita. Kinati hakiendi kwenye ringi kutembea."

Bonaventura, aliyekuwa akisubiri tairi lake, alisogea. "Mzee Melki, siku hizi unatafuna chuma?"

Melkizedeki alikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu na lilianza vibaya. Lilianza na yeye mwenyewe akipachika vinati kwenye matundu matupu ili yasionekane. Alilitafutia mwanzo mwingine, hakuupata, na wakati huo ukimya wake ukawa umeshasikika mpaka kwa wauza ndizi.

"Nilikuambia," alisema mwishowe.

"Uliniambia nini?"

"Siku ile. Kwamba yatabaki manne. Ukaniinulia dole."

"Dole lipi?"

Fundi aliwatazama watu wa barazani. Hakuna aliyekumbuka dole.

"Ijumaa baada ya swala," alisema Mselemu. "Ama unanipa maelezo ya hizi nne, ama sanduku lako litafute baraza nyingine. Sio kwa ubaya." Hili la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, jinsi watu wanavyoweka kifuniko juu ya kitu ambacho tayari kimemwagika.

Melkizedeki hakuwahi kutupa spoku iliyokatika. Vipande vyote alivitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alasiri ile alivimwaga juu ya gunia, tisa, akavaa miwani. Alikuwa akitafuta alama za koleo. Chuma kilichokatwa kwa koleo hubanwa mdomo kama mtu anayekataa dawa, na alikuwa na hakika kwamba angevionyesha vipande hivyo kwa watu wote, awaulize nani mwingine ana koleo humo ndani.

Hakuona mdomo uliobanwa hata mmoja. Vipande tisa vilikatika mahali pamoja, upana wa punje ya mtama kutoka kwenye kinati, na kila kimoja kilikuwa kimepinda kidogo mwishoni, kama kidole kinachomwita mtu. Alivigeuza kwenye mwanga. Nusu ya jeraha ilikuwa nyeusi, nusu inang'aa. Havikukatwa. Vilichoka. Vilikuwa vikikatika polepole kwa siku nyingi huku yeye akivipiga kwa ukucha na kuridhika na sauti.

Akakumbuka jinsi gurudumu lilivyokuwa katika ringi lake dogo kabla hajalifumua: kila spoku ilivuka mwenzake mmoja tu. Alipoliona alidhani Wachina wamebana matumizi. Sasa alielewa. Kanuni ya Manyoni ilikuwa ya kitovu chembamba na spoku ndefu. Kwenye tumbo nene, spoku fupi ikilazimishwa kuvuka wenzake watatu hufika kwenye ringi kwa ubavu, kinati hakigeuki kuifuata, na kila mzunguko unaipinda hapohapo. Tena zote tisa zilitoka jirani na matundu matupu, zikibeba kazi ya zile ambazo hazikuwepo. Alikuwa amemtafuta mhalifu ndani ya kopo, akamkuta fundi.

Njia ya kutoka ilikuwa wazi, nayo ilikuwa mbaya. Angeweza kuchukua spoku nne mpya kutoka kwenye furushi lake, aziweke kaunta siku ya Ijumaa na kusema zilisahaulika. Watu wangecheka, Mselemu angeridhika, baraza ingebaki. Mji unamsamehe mwizi wa spoku nne kabla ya Jumapili. Lakini aliyesuka gurudumu vibaya, halafu akaficha matundu, nani atampelekea baiskeli yake?

Alhamisi alipiga hodi uani kwa Bi Kuluthumu, mjane wa Mzee Abdulhamidi, aliyekuwa akichambua choroko kwenye ungo.

"Shikamoo bibi mkubwa."

"Marahaba, Baba Theodora. Kaa. Umeziiba?"

"Hapana."

"Basi sema hivyo."

"Nikisema yote nitakuwa fundi mbovu."

"Na ukinyamaza?"

"Mwizi mzuri."

Bi Kuluthumu alipuliza makapi. "Unajua kwa nini marehemu alikupa ile baraza?"

"Nimwangalizie mlango."

"Mlango ulikuwa na kufuli mbili. Wewe ulikuja siku ya kwanza kutengeneza breki, ukaondoka. Mchana, jua kali, ukarudi kwa miguu kutoka Utemini kusema umeivunja taa ya dinamo wewe mwenyewe na hakuna aliyekuona. Mzee akaniambia, huyu mtu ni mjinga, tumuweke karibu." Alitikisa ungo. "Sijui huo ujinga ulikwenda wapi."

Ijumaa watu walikuwa wengi kuliko baiskeli. Mselemu alitoka msikitini akasimama mlangoni, mikono nyuma. Melkizedeki alitandika gunia, akapanga vipande tisa kwa mstari, akalilaza gurudumu pembeni.

"Spoku nne hazipo," alisema. "Hazijawahi kuwepo. Vinati niliviweka mimi ili matundu yasionekane. Na hizi zilizokatika hazikukatwa na mtu. Nililisuka vibaya."

Mselemu, ambaye kwa siku tatu alikuwa tayari kabisa kuamini wizi, alionekana hana mahali pa kuweka kosa.

"Miaka ishirini na miwili hujakosea, leo ndiyo umekosea?"

"Nimekosea mara nyingi. Hili ndilo nimeliona."

"Unamficha nani?"

"Hakuna."

"Mtu hajichafui bure," alisema Bonaventura, akiwageukia wengine. "Kuna kitu hapo. Mzee Melki, umeahidiwa baraza ya wapi?"

Wengi walitikisa vichwa. Uongo wa kawaida wangeumeza, lakini ukweli wenye hasara ulihitaji uchunguzi. Bi Kuluthumu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Alikohoa, na Mselemu alikijua kikohozi kile tangu utotoni.

"Thibitisha," alisema.

Melkizedeki alitoa chini ya meza kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Ni lile ringi dogo, na spoku zake thelathini na sita zimefungwa kwa mpira. "Nalirudisha lilivyokuja. Kila moja ivuke moja. Wewe tia nukta zako, lala nalo ndani, funguo kaa nazo. Mimi sitaligusa. Liendeshe wiki mbili. Ikikatika hata moja, nitabeba sanduku kabla hujaniambia."

"Halitaenea kwenye fremu ya marehemu."

"Litaenea kwenye baiskeli ya shule ya binti yako."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Mselemu, akiwa ameshasema neno "thibitisha" mbele ya watu, hakuwa na pa kurudi.

Kwa wiki mbili Singida ilimwona mfanyabiashara mwenye kanzu akipita juu ya baiskeli ya rangi ya waridi, magoti yakipokezana na kidevu, betri tatu nyuma, uso umekazwa. Alikwenda Mungumaji na kurudi. Alipita kwenye mawe na kwenye mchanga. Bonaventura alimpisha kila mara kwa heshima kubwa mno. "Bosi, ukifika darasani tusalimie mwalimu." Jioni Mselemu aliingiza baiskeli ndani, akainama, na kwa kidole akapita kwenye nukta nyekundu moja baada ya nyingine. Nje, Melkizedeki aliendelea kuziba pancha za watu wawili watatu waliobaki. Sanduku alilifunga kamba, tayari, ili asije akaambiwa alichelewa. Hakuuliza hesabu. Aliitegea sikio.

Haukusikika mlio wowote.

Siku ya kumi na tano fundi alifungua kamba ya sanduku. Ringi la marehemu alilisafisha, akang'oa vile vinati vinne, akalitundika kwenye msumari juu ya kichwa chake, matundu wazi. Mteja akiuliza, alisema, "Lile nililisuka mimi," na kuendelea na kazi. Baadhi ya wateja hawakurudi mpaka mvua za masika. Wengine walirudi mapema zaidi, wakakaa na kulitazama lile ringi huku wakisubiri baiskeli zao, na kabla ya kuondoka walihesabu spoku.

Magurudumu mia hayakuagizwa. Yaliagizwa matatu, kila moja na ringi lake. Baraza nayo ilikuja kueleweka kwamba ilipimwa kwa ajili ya kibao cha kuyatangaza. Kibao kilitundikwa kutoka nguzo hadi nguzo, na Melkizedeki aliendelea kuamini kwamba kilikatwa kwa kipimo cha kibanda.

Asubuhi moja Mselemu aliiegemeza baiskeli ya waridi ukutani, akatafuta funguo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umezihesabu?"

"Thelathini na sita."

Melkizedeki aliitikia kwa kichwa. Mselemu alipokwisha kuingia ndani, fundi aliweka spana chini, akajiburuza na kigoda chake mpaka ukutani, na kuanza kuzihesabu.